Miaka Arobaini Kwenye Kiti cha Pili

Hotuba niliyoitoa kwa walimu wa michezo na makocha wasaidizi wa mpira wa kikapu jijini Dar es Salaam, siku ya kufungua kliniki yao ya mafunzo. Walioshindwa kufika wameiomba, nami naiweka yote kama nilivyoisema.

Mgeni rasmi, viongozi wa chama chetu cha mkoa, walimu wangu mlionitangulia katika mchezo huu, shikamooni. Makocha wenzangu, habari za asubuhi. Wadogo zangu mliojibana kule nyuma karibu na feni, nawaona. Itifaki imezingatiwa.

Makocha wasaidizi hoyee! Mmeitikia kinyonge. Tena: makocha wasaidizi hoyee! Hapo sawa.

Ratiba inasema nizungumzie ukabaji. Ukabaji tutaufanya mchana uwanjani, kwa jasho, maana hakuna aliyewahi kujifunza kukaba akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Asubuhi hii nataka niwasimulie maisha ya kazi ya mtu mmoja. Naanza na swali. Nani humu ndani anamfahamu Geno Auriemma? Inueni mikono. Naona wengi, hata mgeni rasmi. Kocha wa timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Connecticut, aliyeshinda michezo mingi kuliko kocha yeyote wa mpira wa kikapu katika ngazi ya juu ya vyuo vya Marekani, awe wa wanaume au wa wanawake. Haya. Nani anamfahamu Chris Dailey?

Mikono miwili. Na mmoja ni wa binti yangu, ambaye nimemsumbua na habari hizi wiki nzima.

Chris Dailey amekaa pembeni ya Auriemma tangu mwaka 1985. Timu yao imechukua ubingwa wa taifa mara 12, kuanzia mwaka 1995 hadi mwaka 2025, na mara zote 12 alikuwepo, kwenye kiti kilekile cha pili. Misimu arobaini! Alipofika Connecticut, Mwalimu Nyerere alikuwa anajiandaa kumkabidhi nchi Mzee Ruksa. Hesabuni wenyewe tumebadilisha marais wangapi tangu hapo. Yeye hakubadilisha kiti.

Kama jina la Connecticut linawapita, hicho ndicho chuo alichosoma Hasheem Thabeet wetu. Sasa naona vichwa vinainuka. Msimu wake wa mwisho pale, wa 2008 hadi 2009, wanaume walifika nne bora, naye akaingia NBA akiwa chaguo la pili kwa nchi nzima. Dar yote ilikuwa inafuatilia Hasheem kazuia mitupo mingapi. Msimu huohuo, chuo hichohicho, uwanja uleule wa Gampel Pavilion, wanawake walicheza michezo 39 wakashinda 39. Nani kati yetu aliliona hilo? Tulikuwa tunatazama mlango mmoja wa nyumba yenye milango miwili.

Twende polepole. Alianzia wapi?

Dailey ni mtoto wa New Jersey, alicheza Chuo Kikuu cha Rutgers, na alikuwa nahodha wa timu iliyochukua ubingwa mwaka 1982. Naomba nikae kidogo kwenye mwaka huo, kwa sababu ni mwaka wa ajabu. Wanawake wa vyuo vya Marekani walikuwa na mabingwa wawili wa taifa majira yaleyale. Ilikuwaje?

Kwa muda mrefu NCAA, chombo kikubwa cha michezo ya vyuo kule, hakikushughulika na wanawake. Mwaka 1971 ukaanza mfumo wao wenyewe, chama cha AIAW, kilichoendeshwa kwa sehemu kubwa na wanawake waliokuwa walimu wa michezo, kama ninyi. Mwaka uliofuata ikapita sheria ya Title IX, iliyokataza ubaguzi wa jinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu, na michezo ya wanawake ikaanza kupata pesa. Pesa ilipoonekana, NCAA nayo ikakumbuka kwamba kuna wanawake. Mwaka 1982 ikaanzisha mashindano yake, na vyuo vingi vikubwa vikahamia huko. Rutgers ikabaki AIAW. Fainali ikachezwa Philadelphia, Rutgers ikaifunga Texas pointi 83 kwa 77. Huku upande wa NCAA bingwa alikuwa Louisiana Tech. Baada ya hapo mashindano ya AIAW hayakuchezwa tena.

Kwa hiyo Chris Dailey ni bingwa wa mwisho wa mashindano ambayo hayapo. Vitabu vingi vya rekodi vinaanza kuhesabu kwa NCAA, vinamruka. Mimi huwa nafikiri, na haya ni maoni yangu, kwamba mtu aliyeonja ubingwa wa namna hiyo akiwa msichana, anajua mapema kwamba kushinda na kupigiwa makofi ni mambo mawili tofauti.

Akaingia ukocha. Alikuwa msaidizi Cornell, kisha akarudi kuwa msaidizi pale Rutgers alikochezea. Mwaka 1985 Connecticut ikamwajiri kijana wa miaka 31, mzaliwa wa Italia aliyefika Marekani akiwa na miaka saba, ambaye naye alikuwa kocha msaidizi tu huko Virginia. Huyo ndiye Auriemma. Akamwita Dailey.

Aliitwa wapi? Sikilizeni vizuri, maana wengine mnanilalamikia kuhusu viwanja. Chuo kiko Storrs, kijijini. Kilianza kama shule ya kilimo, na hadi leo kina ng'ombe wake na duka lake la aiskrimu. Timu ya wanawake katika historia yake yote ilikuwa imewahi kumaliza msimu mmoja tu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo. Mmoja! Ukumbi waliochezea paa lilikuwa linavuja. Gampel yenyewe haikufunguliwa hadi mwaka 1990. Msimu wao wa kwanza walishinda michezo 12, wakafungwa 15.

Mngekaa? Semeni kweli. Umetoka Rutgers, timu bingwa, nyumbani kwenu, unakwenda kufundisha kwenye ukumbi unaovuja, mshahara wa msaidizi, kocha mkuu hajawahi kuwa kocha mkuu wa chuo. Mngekaa?

Alikaa. Na tangu msimu ule wa kwanza, Connecticut haijamaliza tena msimu ikiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Mwaka 1991 wakafika nne bora kwa mara ya kwanza, wakafungwa na nani? Na Virginia, kulekule Auriemma alikotoka. Mwaka 1995 wakashinda michezo yote 35, fainali wakiifunga Tennessee 70 kwa 64. Miaka kumi! Sisi hapa mtu akikosa kombe la UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, miaka miwili anaambiwa arudi darasani akafundishe jiografia.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Kocha msaidizi anafanya nini? Ukiwauliza mashabiki watakwambia anashika ubao wakati wa mapumziko na kumpa kocha maji. Ukimuuliza kocha msaidizi mwenyewe atakosa pa kuanzia.

Kazi ya kwanza ni kutafuta wachezaji. Hapa nawatoa Connecticut kidogo, nawapeleka Tennessee, kwa mahasimu wao wakubwa. Kule kulikuwa na Pat Summitt, aliyechukua ubingwa mara nane, na msaidizi wake aliyesifika kwa kusaka vipaji, Mickie DeMoss.

Septemba 1990. Summitt ni mjamzito, siku zimetimia kabisa. Yuko binti mmoja huko Pennsylvania, Michelle Marciniak, anayetafutwa na nusu ya vyuo vya Marekani. Miadi ya kwenda nyumbani kwao imeshawekwa. Summitt akakataa kuahirisha. Wakapanda ndege ndogo, yeye na DeMoss, hadi huko. Uchungu ukamwanzia katika safari hiyohiyo, chupa ikapasuka, na bado maneno ya timu yakazungumzwa sebuleni mbele ya wazazi. Wakakimbilia ndege kurudi. Angani marubani wakaona hali si nzuri, wakataka kutua Virginia. Mama akasema hapana! Kwa nini? Kwa sababu mwezi Machi mwaka uleule Virginia iliwatoa kwenye mashindano, tena mwaka ambao nne bora ilikuwa inachezwa mjini kwao Knoxville. Mtoto wake hazaliwi Virginia. Wakafika Knoxville, mtoto akazaliwa salama, wakamwita Tyler.

Mnacheka. Kisa hiki husimuliwa kila mahali kama kisa cha Pat Summitt, na ni haki yake. Lakini mimi kila nikikisikia namuwaza yule mwingine kwenye ndege. Nani alikuwa ameketi pembeni? DeMoss. Bosi wake ana uchungu wa uzazi angani, yeye si mkunga wala si daktari, na mbele ya marubani ndiye mtu mzima pekee mwenye akili tulivu. Hilo liko kwenye maelezo ya kazi ya kocha msaidizi? Haliko. Alilifanya? Alilifanya.

Na yule binti? Baada ya yote hayo alichagua Notre Dame! Ndugu zangu, ndiyo kazi ilivyo. Lakini mlango ulikuwa umeachwa wazi, na baadaye akahamia Tennessee, na mwaka 1996 walipochukua ubingwa yeye ndiye alichaguliwa mchezaji bora wa nne bora. Mbegu iliyopandwa mwaka 1990 ilivunwa mwaka 1996.

Mwaka 2018 Mickie DeMoss na Chris Dailey waliingizwa pamoja katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu wa wanawake, siku moja, kundi moja. Jumba lenyewe liko Knoxville. Miaka mingi walikuwa wakigombea mabinti walewale, wakipishana kwenye viwanja vya ndege na kwenye sebule za watu, leo wamesimama jukwaa moja.

Sisi hatuna ndege ndogo. Tuna daladala. Lakini sebule ni ileile. Nimekaa kwenye sebule ya mama mmoja Temeke, nikiwa na mfuko wa mipira miguuni, natafuta ruhusa ya binti yake kufanya mazoezi jioni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi: afya, nidhamu, nafasi ya masomo nje ya nchi. Mama akanisikiliza hadi mwisho, akanimiminia chai, akaniuliza maswali mawili: "Atarudi saa ngapi, na nani?" Basi. Nafasi ya masomo haikumgusa. Kuanzia jumatatu ile mimi ndiye nilikuwa jibu la swali la pili. Nikimaliza mazoezi nampandisha gari, nashuka naye, namkabidhi mlangoni, ndipo naanza safari ya kwangu Kimara. Kocha mkuu wangu hakujua. Hakuhitaji kujua. Aliona tu kwamba kuna namba tano mrefu ambaye hakosi mazoezi.

Mpaka hapo bado tunaenda pamoja? Sawa.

Kazi ya pili ni mambo madogo. Connecticut wachezaji wanamwita Dailey CD. Na CD ndiye mwenye mambo madogo: fulana imechomekwa au haijachomekwa, umevaaje safarini, unazungumzaje na watu, darasani unaendeleaje. Jezi zao za wanawake kwa miaka na miaka hazikuwa na jina la mchezaji mgongoni. Nyota wao Diana Taurasi hakuwa na jina, nyota wao Maya Moore hakuwa na jina. Kifuani jina la chuo, mgongoni namba, imetosha. Na chuo kinajivunia kwamba mchezaji aliyemaliza miaka yake yote minne ya kucheza pale huondoka na shahada yake. Kocha mkuu akifoka kuhusu ukabaji, magazeti yanaandika. Nani anaandika habari za mtu anayefuatilia kama binti wa miaka 19 amepeleka kazi ya darasani ya jumanne?

Najua mnavyofikiri. Mnafikiri haya ni mambo ya nidhamu ya shule ya bweni. Mimi nawaambia ni mbinu. Mchezaji aliyezoea kuangaliwa fulana yake atajua kwamba anaangaliwa na miguu yake anapokaba. Mchezaji ambaye hakuna anayejua amefeli hesabu, siku ya robo ya nne, tofauti ni pointi mbili, akili yake iko kwenye barua ya shule itakayofika nyumbani. Nimewaona wa namna hiyo. Anakosa mitupo huru miwili, kocha mkuu anashika kichwa, watu wanasema mkono umegoma. Mkono haujagoma. Hakuna mtu aliyemuuliza jumatatu.

Nikiri kwamba upande huu nina ushabiki. Wapo wataalamu wanaosema msaidizi wa kisasa awe mtu wa video na takwimu. Ni kweli, kule kila msaidizi hupewa mpinzani wake wa kuchambua, anakesha na michezo yake, anakuja na ripoti. Tujifunze hayo pia. Simu mlizonazo mkononi zinatosha kuanzia. Lakini video haitampandisha binti daladala.

Kazi ya tatu ni ngumu kuliko zote, na hapa nataka utulivu. Kuwa tayari kushika usukani, na kuwa tayari kuuachia.

Machi 2021. Kwa sababu ya korona, mashindano yote ya wanawake yanachezwa eneo moja, San Antonio na pembezoni mwake. Connecticut wako tayari kusafiri. Majibu ya vipimo yanarudi: kocha mkuu ana korona. Haendi. Anabaki nyumbani kutazama kwenye televisheni. Timu ina nyota wa mwaka wa kwanza, Paige Bueckers, ambaye hajawahi kucheza mashindano haya. Nchi nzima inauliza: itakuwaje bila Geno?

Ikawaje? Mchezo wa kwanza, Connecticut 102, High Point 59. Mchezo wa pili, Connecticut 83, Syracuse 47. Aliyesimama mbele ya benchi ni Chris Dailey. Hakubadilisha mfumo ili aonekane. Hakumwachia mchezaji sheria zilegee ili apendwe. Timu ilicheza kama timu iliyomsikia mtu huyo kila siku, kwa sababu ilikuwa imemsikia kila siku. Mzunguko wa tatu Auriemma akafika, wakaifunga Iowa ya Caitlin Clark 92 kwa 72. Na Dailey? Akarudi kwenye kiti chake.

Akarudi kwenye kiti chake! Mnajua ni wasaidizi wangapi hapa mjini wameshindwa kipimo hicho? Kocha mkuu anaugua wiki mbili. Msaidizi anashinda mchezo mmoja, wa pili anaanza kuvaa miwani ya jua, wa tatu yuko kwa mwenyekiti wa klabu anaeleza jinsi kocha mkuu alivyopitwa na wakati. Nimeishuhudia klabu moja, siitaji, ikigawanyika makundi mawili kwa namna hiyo katikati ya ligi. Wachezaji wazuri wakahama, mdhamini akaondoka, mpaka leo ile timu haijarudi ilipokuwa. Wala sikusema kocha mkuu hakosei. Mkosoeni, tena bila kumung'unya maneno, lakini mlango ukiwa umefungwa. Mbele ya wachezaji na mbele ya mwenyekiti, benchi la ufundi lina mdomo mmoja.

Sasa kuna swali ambalo najua mnalo, hasa ninyi kina dada. "Mwalimu, kwa hiyo unatuambia tubaki wasaidizi maisha yetu yote?" Swali halali. Tena nilizidishie uzito. Mwaka 1972, ilipopita ile sheria, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni Marekani ziliongozwa na makocha wakuu wanawake. Fedha zilipoingia, wanaume nao wakaja, na kwa miongo sasa wanawake hawafiki nusu. Hata hadithi yangu ya leo, kocha mkuu ni mwanamume na msaidizi ni mwanamke. Sitaki kulipita hilo kama sikuliona. Dada zangu, nafasi ya ukocha mkuu ikitangazwa, ombeni. Ombeni kwa maandishi, mkabidhi kwa mkono, mdai muhuri wa kupokelewa.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Tennessee ileile, kulikuwa na msaidizi mwingine, Holly Warlick. Alikuwa mchezaji hodari pale, namba 22, jezi yake ilistaafishwa. Aliteuliwa timu ya Olimpiki ya Marekani ya mwaka 1980, nchi yake ikasusia, hakwenda. Ndiyo Olimpiki ileile ya Moscow ambayo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walituletea medali za fedha. Sisi tulikuwa tunashangilia, yeye yuko nyumbani. Mwaka 1985 akawa msaidizi wa Summitt, na akakaa miaka 27. Ubingwa wote nane alikuwepo. Mwaka 2011 Summitt akatangaza kwamba anaugua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, Alzheimer. Msimu uliofuata Warlick alibeba sehemu kubwa ya mzigo huku bosi wake bado ameketi pale benchi, na mwaka 2012 akakabidhiwa timu.

Aliiongoza misimu saba. Kila mwaka aliifikisha kwenye mashindano ya taifa. Mwaka 2019 akaondolewa. Alikuwa kocha mbaya? Sidhani. Alikabidhiwa kiti ambacho kivuli chake kilikuwa kirefu kuliko mtu yeyote. Na mimi nauliza: ile miaka 27 inakuwa bure kwa sababu ya ile saba? Mbona watu wanamtaja kwa namna alivyoondoka, hawamtaji kwa namna alivyoshika timu mwaka ambao mwalimu wake alikuwa anasahau?

Na yuko Lisa Boyer, ambaye alikwenda kinyume. Boyer alikuwa kocha mkuu wa chuo cha Bradley, kisha akawa kocha mkuu wa timu ya kulipwa ya Rage, na mmoja wa wachezaji wake pale aliitwa Dawn Staley. Msimu wa 2001 hadi 2002 akafanya kazi kwenye benchi la Cleveland Cavaliers, mwanamke wa kwanza kuwa kocha msaidizi NBA. Mtu wa namna hiyo anaenda wapi baada ya hapo? Alikwenda kuwa msaidizi wa yule mchezaji wake! Staley alikuwa ameanza ukocha Temple, Boyer akamfuata, wakaenda wote South Carolina mwaka 2008, na ubingwa ukaja 2017, 2022 na 2024. Hebu jiulizeni, ninyi wakongwe: aliyekuwa mchezaji wako akikuita leo uwe chini yake, utaitika?

Naona kimya. Basi tuendelee.

Januari 2024, timu ya Connecticut iko ugenini kwa Villanova, wimbo wa taifa unapigwa. Dailey akaanguka palepale kwenye mstari. Wakamtoa kwa machela, ukumbi mzima umesimama. Alipata nafuu, akarudi kazini. Novemba mwaka huohuo, Auriemma akashinda mchezo wake wa 1,217 dhidi ya Fairleigh Dickinson, akaipita rekodi ya Tara VanDerveer, kocha wa zamani wa Stanford. Wachezaji wa zamani wakajaa Gampel, wengine wakiwa na watoto wao. Na chuo kilipoandaa sherehe ya usiku ule, hakikuandaa ya mtu mmoja. Waliheshimiwa wote wawili, yeye na Dailey, kwa misimu arobaini. Aprili 2025 wakaenda Tampa wakaifunga South Carolina 82 kwa 59, ubingwa wa 12.

Namalizia na maombi. Mgeni rasmi, haya ni yako na ya viongozi wetu wa chama.

La kwanza, msaidizi aandikwe. Karatasi za usajili wa timu zinazokuja kwangu zina kocha mkuu, meneja, daktari, na mara nyingine dereva. Mstari wa kocha msaidizi umeachwa wazi, au umejazwa jina la mpwa wa mfadhili. Asiyeandikwa halipwi nauli, hapati cheti, na mafunzo yakija hajulikani yupo.

La pili, mkimbadilisha kocha mkuu, msimfukuze na msaidizi siku hiyohiyo. Yeye ndiye anajua nani ana goti bovu, nani mama yake anaumwa, na nani akifokewa hucheza vizuri zaidi. Mkimfukuza, mnayafukuza na hayo.

La tatu ni nauli. Sina maneno mengi hapo. Nauli ya mazoezi, kila wiki, mkononi.

Nanyi wasaidizi, kuanzia leo kila mmoja awe na daftari. Jina la mchezaji, shule, namba ya mzazi, anarudi nyumbani kwa njia gani. Nitalikagua jumamosi. Chai iko tayari kule nje, na wenye vitumbua wameniomba niwaambie vinapoa. Saa nane kamili tukutane uwanjani, na mje na raba. Mwenye sandozi atakaa nje atuhesabie ribaundi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.